Somo la 14: Kuzuru Mahali pa Kumbukumbu za Vita

MTANGAZAJI: Hiki ni kipindi cha elimu ya watu wazima. Somo la leo ni la 14 katika masomo yetu ya historia. Ninyi mliokusanyika katika madarasa ya kusikiliza, Kinondoni, Temeke na kwingineko, kaeni vizuri, wekeni daftari na kalamu karibu. Mwalimu yuko tayari.

MWALIMU: Ahsante. Wasikilizaji wapenzi, hamjambo wote. Mtakumbuka ya kuwa juma lililopita tulijifunza kusoma ramani ya mji. Nikasema kwamba kujua njia hakutoshi, hapana budi mtu ajue pia anachokwenda kutazama. Leo basi tutafanya safari. Tutakwenda kwanza kwa masikio, kisha, siku ya mapumziko, kila darasa litakwenda kwa miguu yake. Tutazuru mahali panne panapokumbusha Vita Kuu ya Kwanza, ile ya mwaka 1914 mpaka 1918, na pote ni hapa hapa Dar es Salaam.

Pengine mmoja wenu atauliza, "Vita ile ilikuwa ya Wazungu. Yatuhusu nini sisi?" Ni swali la haki, nami nitalijibu kwanza.

Nchi yetu wakati ule ilikuwa chini ya Wajerumani. Kenya, Uganda na Unguja zilikuwa chini ya Waingereza. Vita ilipoanza Ulaya, Agosti 1914, ilianza na huku pia. Mwezi huo huo manowari ya Waingereza iliupiga mizinga mji wetu. Novemba 1914 Waingereza walijaribu kuuteka mji wa Tanga wakashindwa. Dar es Salaam waliichukua Septemba 1916. Lakini jeshi la Wajerumani, likiongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, halikukubali kushindwa. Lilirudi nyuma mpaka Rufiji, likavuka Ruvuma na kuingia nchi ya Wareno, likapita kona ya nchi yetu, likaingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Likaweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya vita kwisha Ulaya.

Sasa sikilizeni. Jeshi hilo la Wajerumani mwaka 1914 lilikuwa na askari wa Kiafrika wapatao 2,500, na baadaye likaongeza maelfu. Jeshi la Waingereza nalo lilikuwa na watu wa Afrika Mashariki, Nigeria, Afrika Kusini, Bara Hindi na hata visiwa vya mbali vya Karibi. Kwa hiyo vita ilikuwa ya Wazungu kwa sababu zake, lakini waliotembea, waliobeba na waliokufa kwa wingi walikuwa watu wa huku. Hilo ndilo jibu la swali letu.

Hesabu ya mzigo

Kabla ya kuanza safari, fungueni daftari. Tutafanya hesabu moja ndogo, maana bila hesabu hii hamtaelewa mtakayoyaona.

Nchi ilikuwa na reli chache na barabara chache. Farasi na ng'ombe waliuawa na mbung'o. Magari yalizama katika tope la masika. Basi chakula, risasi, dawa na mahema vilibebwa kichwani. Tuseme mpagazi mmoja anabeba kilo 25 za unga. Naye anakula kilo moja kwa siku. Akienda siku 5 na kurudi siku 5, amekula kilo ngapi? Amekula kilo 10. Zilizowafikia askari ni kilo 15. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, amekula kilo 20, na zilizofika ni kilo 5 tu. Akienda siku 12 na kurudi siku 12, kinachofika ni kilo moja.

Mmeona? Kila jeshi lilipozidi kwenda mbali, wapagazi walihitajiwa wengi zaidi, au posho yao ipunguzwe. Yote mawili yalifanyika. Upande wa Waingereza peke yake waliandikwa watu wapatao milioni moja katika muda wa vita yote. Wengi hawakujiandikisha kwa hiari. Walishikwa vijijini. Walilala mvuani, wakala unga usioiva vizuri, wakaugua kuhara, malaria na kichomi. Hesabu ya serikali ya waliokufa inakaribia 100,000, na wanahistoria wengi wanasema hesabu hiyo ni ndogo kuliko ukweli. Wapagazi wa upande wa Wajerumani, ambao wengi wao walikuwa watu wa nchi hii yetu, hawakuandikwa vizuri hata kidogo.

Shikeni jambo hilo moja mkononi mnapokwenda safari. Kila mahali mtakapofika, jiulizeni maswali haya mawili: Ni nani aliyeandikwa jina hapa? Na nani hakuandikwa?

Mahali pa kwanza: Kariakoo

Ninyi wa Temeke, basi lenu litawafikisha Kariakoo upesi. Ninyi wa Kinondoni, mtapita Magomeni na Jangwani. Mkifika sokoni msinunue kitu kwanza. Simameni.

Wajerumani walijenga hapa soko kabla ya vita. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916, jengo hilo na viwanja vyake vikawa kambi ya wapagazi. Kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Watu wa mji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Hata Nairobi iko Kariokor, na asili yake ni hiyo hiyo.

Jengo la soko la zamani halipo. Soko kubwa lililojengwa mahali pake lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Nalo liliungua moto Julai 2021. Majengo yanakuja na kuondoka, lakini jina limebaki. Kila siku utingo anaita, "Kariakoo, Kariakoo!" wala hajui ya kuwa anawaita wapagazi. Hakuna mnara uliowekwa kwa amri ya wakubwa unaotajwa mara nyingi hivyo. Jina hili lilitunzwa na watu wenyewe.

Mahali pa pili: Sanamu ya Askari

Kutoka Kariakoo nendeni mpaka Posta, pale Barabara ya Samora inapokutana na Azikiwe na Maktaba. Katikati ya mzunguko amesimama askari wa shaba, bunduki mkononi, singe mbele, ameelekea bandarini. Wazee wengine huiita Sanamu ya Bismini. Angalieni magari mnapovuka, na mwenye macho dhaifu ashikwe mkono.

Askari huyu hakuwa wa kwanza kusimama hapo. Kabla ya vita Wajerumani walisimamisha hapo sanamu ya Hermann von Wissmann. Huyo ndiye aliyeongoza jeshi lililovunja upinzani wa watu wa pwani, na Desemba 1889 Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani. Waingereza walipoingia mwaka 1916 waliiondoa. Baadaye ikapelekwa Ujerumani, ikasimamishwa Hamburg mwaka 1922, na wanafunzi wa huko wakaiangusha mwaka 1968. Kwa hiyo mjue: sanamu inasimama kwa mapenzi ya mwenye mamlaka, naye mwenye mamlaka akiondoka, sanamu nayo huenda ikaondoka.

Askari mnayemwona alichongwa na Mwingereza, James Alexander Stevenson, na sanamu ikafunuliwa mwaka 1927. Someni maandishi yaliyo chini yake. Yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Mwenye kujua kusoma herufi za Kiarabu awasomee wenzake, ni nafasi njema ya kutumia elimu ya chuoni. Maneno yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi mashuhuri wa Kiingereza. Yanawataja askari wa Kiafrika waliopigana. Yanawataja wapagazi, na kuwaita miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanamwahidi msomaji ya kuwa mtu akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Sasa zungukeni msingi wote, upande kwa upande, mtafute hayo majina. Mtayakuta mangapi? Hamtaona hata moja. Mnara umeahidi jina lakini haukuandika jina. Waandikeni hilo katika daftari, kisha mwandike na swali la pili: katika kazi yote hii ya shaba na mawe, mpagazi yuko wapi, naye amepewa nafasi kubwa kiasi gani? Mwenye ndugu Nairobi amwulize pia, maana pale zimesimama sanamu tatu pamoja, na mmoja wao ni mpagazi.

Mahali pa tatu: Makumbusho ya Taifa

Kutoka kwa Askari ni mwendo mfupi wa miguu mpaka Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na bustani ya mimea. Hapo ndipo Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940 kwa jina la mfalme wa Uingereza, George wa Tano. Raia hulipa ada ndogo kuliko mgeni wa nje, basi chukueni vitambulisho vyenu.

Nawapa shauri moja la kuzuru makumbusho yoyote. Msijaribu kuona kila kitu, maana mwenye kuona vyote harudi na kimoja. Nendeni moja kwa moja kwenye sehemu ya historia, nyakati za Wajerumani na Waingereza. Kila mmoja achague kitu kimoja tu. Asimame mbele yake dakika 10. Kisha ajiulize: Kimetengenezwa kwa nini? Nani alikitumia? Nani alikibeba mpaka kilipofika? Kibao kinasema nini juu yake, na kinanyamaza juu ya nini? Kama jambo halieleweki, mwulizeni mwongoza wageni, msione haya. Kazi yake ni kujibu.

Mahali pa nne: Makaburi ya Vita

Sasa ninyi wa Kinondoni mwafika nyumbani, kwa kuwa mahali hapa pamo katika wilaya yenu. Ni kando ya njia ya Bagamoyo, kiasi cha kilomita 5 kutoka katikati ya mji. Wengi wenu mmepita hapo kwa basi mara elfu. Majani yamekatwa, mawe yamepangwa safu kwa safu. Ingieni polepole, msikanyage makaburi, msipige kelele.

Mwanzo wa makaburi haya ni hivi. Mwaka 1968 barabara ilitaka kupita penye makaburi ya zamani ya Ocean Road. Wafu 660 wa Vita ya Kwanza wakahamishiwa hapa. Kwa kuwa baadhi yao kule hawakuwa na alama za mmoja mmoja, hao walizikwa upya pamoja pamoja, na majina yakawekwa ukutani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaletwa wengine wapatao 1,000 kutoka sehemu nyingi za Tanzania, ambako makaburi hayakuweza kutunzwa tena. Leo wako zaidi ya 1,700 wa vita ile, na wachache wa Vita ya Pili. Ndani yake upo pia mnara wa majina zaidi ya 1,500 ya Waingereza na Wahindi waliokufa tangu Januari 1917, ambao makaburi yao hayajulikani.

Jifunzeni kusoma jiwe. Juu mara nyingi pana alama ya kikosi. Kisha namba ya askari, cheo, jina, kikosi, tarehe ya kufa, na pengine umri. Tazameni sana tarehe. Mkikuta tarehe ya baada ya vita kwisha, msidhani mchonga mawe amekosea. Mwishoni mwa mwaka 1918 ulipita ugonjwa mkubwa wa mafua ulioua watu dunia nzima, nao haukuuliza kama amani imekwisha kutangazwa.

Basi, tumefika kwenye kiini cha somo. Makaburi haya yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Tume hiyo iliundwa mwaka 1917, nayo ilishika kanuni njema sana: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kubagua cheo, rangi wala dini. Huko Ulaya kanuni hiyo ilifuatwa. Huku kwetu haikufuatwa. Miaka ya 1920 wakubwa walikata shauri kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, hapa Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori upesi. Na yakarudi. Huenda watu wamejenga nyumba juu yake bila kujua.

Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa taarifa ya uchunguzi, ikakiri kosa na kuomba radhi. Ilisema ya kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Bibi wa Temeke

MWALIMU: Leo sikuja peke yangu. Yuko bibi mmoja wa darasa letu la Temeke, ambaye darasa lake limekwisha fanya safari hii. Shikamoo, Bibi.

BIBI: Marahaba, Mwalimu.

MWALIMU: Bibi, waeleze wenzako uliyoyaona.

BIBI: Mimi asili yangu Rufiji. Babu yangu, baba wa baba, alichukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita ya Mjerumani. Marehemu baba alikuwa mtoto mdogo. Alituambia hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari. Matanga yakakaliwa bila maiti. Basi tulipofika kule kwenye makaburi nikamwambia mwanafunzi mwenzangu, mwanangu, nishike mkono, tusome majina.

MWALIMU: Mkasoma yote?

BIBI: Tulisoma mpaka jua likawa kali. Wahindi wapo, Wazungu wapo, majina ya watu wa mbali. La babu sikuliona.

MWALIMU: Ukasikitika.

BIBI: Nilisikitika, sikufichi. Halafu nikasema, hawa nao wana wajukuu, na wajukuu wao hawajui njia ya kufika hapa. Nikawaombea. Kisha nikaketi chini ya mti nikaandika jina la babu katika daftari. Mwaka juzi nisingeweza, nilikuwa sijui kusoma wala kuandika. Ni herufi sita tu, Mwalimu. Lakini sasa limeandikwa.

MWALIMU: Ahsante sana, Bibi.

BIBI: Nami ahsante. Ila nina neno moja. Vijana wasingoje. Mimi nilimsikia baba, na baba alimsikia mama yake. Nikiondoka mimi, atakayesema ni nani?

Neno la mwisho

MWALIMU: Wasikilizaji, sina la kuongeza kubwa. Nitataja mfano mmoja tu kuonyesha kwamba kumbukumbu yaweza kudaiwa. Huko Songea, tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga viongozi na mashujaa wa Maji Maji. Nduna Songea Mbano naye alinyongwa, na ukoo wake unasema kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani. Watu wa Songea hawakunyamaza. Wametunza makaburi, wamepata makumbusho, na kila mwaka hukusanyika. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo hapo akaomba msamaha. Hilo halikurudisha kichwa. Lakini asingefika kama watu wangalisahau palipo makaburi.

Wapagazi wetu hawana makaburi yanayojulikana. Wana jina moja la wote, Kariakoo, na yale majina yao wenyewe yaliyo vinywani mwa wazee. Hayo ya vinywani ndiyo yanayopotea. Jiwe likikosa, daftari lifanye kazi ya jiwe.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini jeshi lilihitaji wapagazi wengi kuliko askari? Tumieni hesabu ya mzigo kueleza.

2. Mpagazi abebaye kilo 25, alaye kilo moja kwa siku, akienda siku 8 na kurudi siku 8, askari watapata kilo ngapi?

3. Sanamu ya Askari inawaahidi nini waliokufa? Je, ahadi hiyo imetimizwa? Kama haikutimizwa, ni juu ya nani kuitimiza?

4. Kuna ubaya gani mnara ukiwataja watu wote kwa pamoja bila majina? Na kuna faida gani?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya somo lijalo, mwende mzee mmoja wa ukoo wako au wa mtaa wako. Mwulize kama katika jamaa yake yuko aliyekwenda vitani, awe askari au mpagazi, upande wowote, vita yoyote. Andika mambo manne: jina lake, kijiji chake, alichukuliwa na nani, na kama alirudi. Msomee mzee uliyoyaandika ili asahihishe. Weka tarehe chini.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mpagazi: mtu abebaye mizigo safarini.
Posho: chakula anachogawiwa mtu kwa siku.
Singe: kisu kirefu kinachofungwa mbele ya bunduki.
Kuzuru: kwenda mahali kwa heshima, kuona na kukumbuka.

MTANGAZAJI: Huo ndio mwisho wa somo la 14. Juma lijalo Mwalimu atasoma baadhi ya majibu yenu. Mpaka hapo, kwaherini.